Mwaka huu niliandika malengo 14 ya hobi na mambo mapya, yametimia 2. Karibuni tujadili kabla sijaandika mengine

#1 KalamuButu

Habari za jioni wakuu,

Leo nimefungua daftari la mwaka unaokwisha. Ukurasa wa kwanza una orodha niliyoiandika Januari, kwa mwandiko wa mtu mwenye furaha zake: malengo 14, yote ya nje ya kazi. Habari za fedha na vyeo sikuzigusa, nilitaka mwaka wa kuishi kidogo. Gitaa. Vitabu 52. Kukimbia kilomita 5. Picha moja kila siku, yaani 365. Kifaransa. Kuogelea. Kuchora. Kufuma. Kulala kwenye hema usiku mmoja. Kumwandikia shangazi barua ya mkono kila mwezi. Mengine nayasitiri, maana moja lilikuwa "kucheza dansi vizuri" na humu wamo walioniona nikicheza.

Yaliyotimia ni kuogelea na barua za shangazi. Basi.

Nimekaa kuyatazama haya mawili nione yana nini ambacho yale 12 hayana. Mapenzi siyo sababu. Gitaa nimelipenda tangu utotoni, maji nilikuwa nayakimbia kama paka.

Kuogelea kulikuwa na siku yake: Jumamosi asubuhi. Tulikuwa watu wazima watano na mwalimu mmoja. Wiki ya kwanza hatukuogelea hata kidogo. Tulishika ukingo, tukazamisha uso, tukatoa pumzi polepole ndani ya maji, tukainuka, tukarudia. Nikaona napotezewa muda. Mwalimu akanieleza kwamba mtu mzima anayejifunza anashindwa kwa sababu anabana pumzi na kuinua kichwa, na kichwa kikipanda miguu inashuka. Lengo langu kwenye daftari lilikuwa "mita 25 bila kusimama", na nilikuja kulikumbuka tena mwezi wa nane, siku nilipogusa ukuta wa pili. Muda wote huo kilichonipeleka ni simu ya mwenzangu: "Uko wapi? Nani atanishika miguu leo?"

Barua ndiyo hivyo hivyo. Shangazi hapendi simu, na kila barua yake inaisha na swali. Usipojibu unabaki na deni.

Sasa tazameni marehemu. "Kujua gitaa." Kujua! Ningeamka siku gani nikawa najua? Vitabu niliishia 31, na kuanzia mwezi wa nne nilikuwa nachagua kitabu kwa wembamba wake. Picha nilifika siku ya 47, siku ya 48 nikaumwa, siku ya 49 nikasema mnyororo umekatika, nikaacha. Mtu aliyepiga picha 47 mfululizo anaacha kwa sababu ya homa ya siku moja.

Kwa mwaka ujao nataka mambo matatu au manne tu. Swali langu: unaandikaje lengo la jambo unalolifanya kwa kupenda, bila lenyewe kugeuka ajira ya pili isiyo na mshahara?

#2 Nimekaa_Pale

Nimevuta kiti. Wataalamu waje.

#3 MtuWaNamba

Mkuu, uchambuzi mzuri ila hitimisho unaloelekea ni la hatari. Naona unataka kusema namba ni mbaya. Namba haina kosa.

Mwanasaikolojia Edwin Locke aliandika juu ya malengo mwaka 1968, baadaye akashirikiana na mwenzake Gary Latham kwa miaka mingi. Walichokikuta, na kikarudiwa na wengine, ni kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu afanye vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Mtu wa "nitajitahidi" hana mahali pa kujua kwamba hajajitahidi.

Mimi nilikuwa siwezi kukimbia mpaka kona ya pili. Nikafuata ule mpango wa wanaoanza kukimbia (Couch to 5K) aliouandika Josh Clark mwaka 1996, wa wiki 9, siku tatu kwa wiki, nusu saa hivi kila siku. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Sekunde 60! Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tatu kicheko kilikuwa kimekwisha. Lakini niliufuata namba kwa namba na wiki ya 9 nilikimbia nusu saa bila kusimama. Bila namba ningekimbia siku moja kwa hasira, nikaumia goti, nikaja humu kufungua uzi kama wako.

Vitabu 52 kilichokuponza ni kwamba hukuwa na mpango wa wiki. Tusiisingizie hesabu.

#4 DadaWaPembeni

MtuWaNamba, mpango wa wiki alikuwa nao, 52 ndiyo mpango wa wiki wenyewe 😄

Kukimbia na kusoma havifanani. Kilomita ni kilomita, huwezi kuchagua kilomita nyembamba. Kitabu unaweza. Ukipima idadi, mtu atakupa idadi, na kile ulichokitaka kitapitia dirishani. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo na haya nayaona kila siku.

Kuna jaribio la mwaka 1973 la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti cha zawadi likichora. Kundi jingine lilipewa zawadi kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Baada ya muda, kalamu zikawekwa tena darasani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa zawadi ndio walizigusa kidogo kuliko wengine. Kuchora kulikuwa mchezo wao, kukageuzwa kibarua, kibarua kikaisha.

Sasa mtu mzima anajifanyia mwenyewe jambo hilo hilo. Anapenda kusoma, anajiwekea 52, anaanza kusoma kwa ajili ya kuweka tiki. Desemba amechoka na vitabu.

#5 MtuWaNamba

Dada, watoto wa chekechea hawana ratiba ya kazi wala watoto wa kulea. Mtu mzima asipojibana hobi inafia kwenye kochi.

#6 DadaWaPembeni

Kujibana nakubali. Nauliza unajibana wapi. Bana muda, usibane matokeo. "Jumanne na Alhamisi usiku nasoma dakika 40" kunabana vizuri tu, na kunakuacha usome kitabu kinene miezi miwili bila aibu.

Halafu umemtaja Latham nusu. Yeye na Gerard Seijts waliandika baadaye kwamba kwa kazi ngeni na ngumu, ambayo mtu hajui bado hata inavyofanyika, lengo la matokeo linaweza kumharibia. Hapo humfaa lengo la kujifunza: gundua njia kadhaa za kulifanya jambo hili. Na hobi mpya ni nini kama si jambo usilojua bado linavyofanyika?

#7 MtuWaNamba

Hiyo ya Latham sikuwa nayo. Nakaa kimya kidogo.

#8 NyuziSita

Wakuu, mimi ninafundisha gitaa, na nataka kuzungumza na mleta mada kuhusu gitaa lake kwa sababu kila Februari naletewa maiti kama hiyo.

Gitaa la mtu anayeanza linakufa kwa mambo ambayo hayahusiani na nia yake. La kwanza vidole. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zinauma, na mwanafunzi anadhani ana mkono mbaya. Ngozi inataka wiki tatu au nne za mazoezi mafupi mpaka ikaze. Dakika 15 kila siku zinaikaza ngozi, saa mbili za Jumapili zinaichubua tu, Jumatatu hugusi. La pili ni gitaa lenyewe: nyuzi zimekaa juu mno, unabonyeza kama unakamua jiwe. Mpelekee anayejua azishushe. Kama vidole ni laini sana anza na nyuzi za nailoni, za chuma zina ukali.

La tatu ni F, moja ya ile mikao ya vidole inayotoa sauti kadhaa kwa pamoja (chord). Mwenye kujua ananielewa. Mtu anajifunza G, C, D, E ndogo, anajiona msanii, kisha anakutana na F ambayo kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote. Inatoka sauti ya kibati. Wengi wanalirudisha gitaa kwenye mfuko siku hiyo hiyo. Ushauri wangu: ikimbie F miezi mitatu. Nyimbo za G, C na D ziko nyingi kuliko utakazowahi kupiga maishani. Utakapoirudia, mkono utakuwa na nguvu wenyewe.

Na usilirudishe kwenye mfuko! Liweke mahali unapopita. Gitaa la mfukoni lina kazi ya kulitoa kabla ya kazi ya kulipiga, na mtu aliyechoka hafanyi kazi mbili.

Lengo unaloweza kuandika: "Kufikia mwezi wa sita nipige nyimbo tatu mwanzo mpaka mwisho, vibaya, mbele ya mtu mmoja." Neno "vibaya" liache humo humo. Atakayesubiri kupiga vizuri ndipo asikike, hatasikika.

#9 KalamuButu

NyuziSita, umenikamata. Gitaa liko kwenye mfuko, mfuko uko juu ya kabati, na mbele ya kabati kuna mashine ya cherehani ambayo nayo ni lengo la mwaka juzi.

#10 Nimekaa_Pale

Hahaha, cherehani hapo imekaa kama mlinzi wa makaburi.

#11 MamaWawili_na_Nusu

Mimi niongelee wenye muda wa vipande. Nina watoto wawili na wa tatu njiani, kazi ya kutwa. Kila mwaka nilikuwa naandika "kuchora zaidi". Sikuchora.

Mwaka huu nilisoma kuhusu Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani. Anasema nia peke yake haitoshi, uifungie kwenye tukio: "likitokea hili, nitafanya lile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya namna hiyo wakaona kweli yanasaidia, tena si kidogo. Kwa hiyo niliandika hivi: *Watoto wakishalala na nikishafunga mlango wao, nakaa kiti cha dirishani nachora kitu kimoja kilicho mbele yangu, mpaka chai ipoe.*

Mlango ukilia tu, mkono unajua. Nimechora kikombe, kiatu, kikombe, funguo, kikombe, mguu wangu. Michoro 140 na zaidi, vikombe ni vingi kuliko adabu. Kuna usiku nilisinzia na penseli mkononi, na hizo nazo nimeziacha daftarini, mstari unaanza vizuri kisha unateleza mpaka ukingoni.

Sikuhesabu makusudi. Nimehesabu leo kwa ajili ya uzi huu.

#12 Mjumbe_Kimya

Sasa na mimi niseme. Tarehe 1 Januari ni siku kama nyingine, jua ni lile lile. Anayetaka kuanza aanze leo. Na ile kanuni ya siku 21 inatosha, ukifanya jambo siku 21 linakuwa tabia. Mengine mnajichosha.

#13 DadaWaPembeni

Mjumbe, hizo siku 21 zinatoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua *angalau* siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Watu wakadondosha "angalau", wakadondosha na pua, ikabaki 21.

Waliopima tabia zenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London, utafiti wao ulitoka 2009. Watu 96, kila mmoja na tendo dogo la kila siku: kunywa maji baada ya mlo, kukimbia kabla ya kula, na kadhalika. Wastani ulikuwa siku 66. Lakini mmoja siku 18, na kwa mwingine makadirio yakaenda mpaka 254. Na KalamuButu usome hapa: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Picha zako 47 zilikuwa hai siku ya 49, ulizizika zikipumua.

Kuhusu Januari, upande wa watafiti kina Hengchen Dai na Katherine Milkman, 2014, walionesha kuwa watu huanza mambo zaidi kwenye mwanzo wa kitu chochote: wiki, mwezi, mwaka, baada ya siku ya kuzaliwa. Jua ni lile lile ila kichwa kinapenda ukurasa mpya. Wacha watu wautumie.

#14 Mjumbe_Kimya

Sawa mwalimu. Lakini wangapi wanafika?

#15 DadaWaPembeni

Wachache. John Norcross aliwafuatilia watu 200 wa maazimio ya mwaka mpya, miaka ya 1980 mwishoni. Wiki moja baadaye 77% walikuwa bado wamo. Miaka miwili baadaye 19%.

#16 Mjumbe_Kimya

Basi KalamuButu na 2 zake kati ya 14 hayuko mbali na wenzake 😅

#17 MikonoInaongea

Nami nitoe kisa, kinahusu kuanza bila kuuliza.

Jirani yangu ni kiziwi, tulikuwa tunasalimiana kwa kupunga mkono tu, mwaka wa nne huo. Nikaweka lengo: kujifunza lugha ya alama. Nikapata video nyingi, nikajifungia miezi mitatu kila usiku. Alfabeti nzima ya vidole, salamu, siku za wiki, rangi. Siku nikajiona niko tayari. Nikasimama mbele yake nikamwambia jina langu kwa vidole na kwamba nimefurahi kumfahamu.

Akanitazama kwa huruma sana.

Nilikuwa nimejifunza ya Marekani, yeye anatumia nyingine kabisa. Sikujua kuwa lugha za alama ziko nyingi kama zilivyo za kusema, na hazifuati lugha ya mdomo. Ya Marekani na ya Uingereza wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, ingawa nchi zote zinasema Kiingereza. Alfabeti ya Kimarekani ni ya mkono mmoja, ya Uingereza ni ya mikono miwili. Ya Kimarekani ina undugu zaidi na ya Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, alikwenda Hartford akaanzisha shule pamoja na Thomas Gallaudet mwaka 1817.

Jirani alicheka mpaka akaketi. Kisha akanishika mkono, akanikunja vidole kimoja kimoja, akanifundisha "habari za asubuhi" yake. Tangu hapo kila Jumapili jioni nusu saa. Lengo langu la mwaka ujao nimeliandika kwa maneno yake: nimsimulie kisa kizima, acheke mahali pa kuchekea. Ameniambia nisitumie kile cha video, keshakichoka.

#18 NyuziSita

Hiki kisa kimenilaza pazuri. Lengo lenye mtu ndani yake.

#19 MachoJuu

Mnajadili hobi sana, mambo mapya mmeyasahau. Mleta mada alitaja hema usiku mmoja, na naona limekufa pamoja na gitaa. Hivi si vitu vya aina moja wakuu. Hobi inataka kurudiwa, jambo jipya linataka kutokea mara moja. Hema halikuhitaji nidhamu, lilihitaji tarehe na mtu wa kushika upande wa pili wa turubai.

Mwanasaikolojia William James aliandika mwaka 1890 kwamba miaka hufupika kadiri tunavyozeeka kwa sababu mambo ya utotoni yalikuwa mapya kila siku, na ya ukubwani yanafanana mpaka yanayeyuka kwenye kumbukumbu. Mimi naamini hivyo kwa uzoefu wangu. Mwaka wa janga niliokaa ndani naukumbuka kama wiki moja ndefu.

Nilichoanza ni daftari la "mara ya kwanza". Moja kwa mwezi, dogo linaruhusiwa. Mwaka huu: nimetoa damu (mililita 450 hivi, kutolewa kwenyewe hakufiki dakika 15, nilikuwa naogopa sindano kama mtoto), nimehudhuria kikao cha mahakama ya wazi nikakaa nyuma, nimekwenda mpaka kituo cha mwisho cha basi ninalopanda kila siku. Hilo la mwisho lilinishangaza kuliko yote. Miaka sita nashuka katikati, sikuwahi kujua linageuzia wapi. Linageuzia chini ya mti mkubwa, dereva na konda wanapumzika hapo.

Kama huna wazo, anga limekwisha kukupangia. Vimondo vya Geminidi huwa kileleni usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba kila mwaka, vya Perseidi tarehe 12 na 13 Agosti. Geminidi, kukiwa na giza la kweli na bila mwezi, vinaweza kupita 100 kwa saa. Hutaki darubini, kwa kweli darubini inakuzuia, maana vimondo vinapita popote. Unalala chali, unayapa macho nusu saa yazoee giza, simu unaiacha mfukoni. Andika tarehe leo. Angalia tu mwezi utakuwa wa siku ngapi.

#20 MtuWaNamba

Nimerudi. Nakubali ya hema, nakubali ya mahakama. Ila MachoJuu, "moja kwa mwezi" ni namba 😏

#21 MachoJuu

Kweli. Ila mwezi wa tano sikufanya lolote na hakuna aliyekufa.

#22 KiatuKipya

Niongeze moja ambalo hamjaligusa: vifaa. Mimi ni mgonjwa wa kununua kabla ya kuanza. Nilinunua kamera nzuri nikidhani nanunua upigaji picha. Nikanunua viatu vya kupandia milima, milima naitazama kwenye picha za watu wengine. Siku ya kununua unapata raha yote ya hobi kwa mara moja, moyo unaona umekwisha kufika, unatulia.

Sasa nina sheria: mara kumi kwanza kwa kifaa cha kuazima au kibovu. Mara kumi nikifika bado nataka, nanunua. Hobi nne zimekufa mara ya tatu, ya nne, na sikuwa na kitu cha kuuza. Nilizizika bila gharama.

Na ziandikieni tarehe ya kufa. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kuacha hobi. Si ndoa hii. Mimi naandika "kufuma mpaka mwisho wa Machi, kisha naamua". Machi ikifika bila furaha naacha kwa amani, sina mzimu wa kunitazama kutoka juu ya kabati.

#23 MzeeKijana58

Nawasalimu vijana wangu. Nimesoma wote. Mimi nina miaka 58, nilikuwa fundi wa vitu vidogo vidogo, vidole vimeanza kukaza. Nilikuwa nachonga mbao, sasa kisu kinanishinda. Nilidhani lengo la mwaka ujao ni kujilazimisha niendelee kuchonga hata kidogo. Mnasemaje?

#24 DadaWaPembeni

Shikamoo mzee wetu.

Kuna bibi wa Marekani aliyejulikana kama Grandma Moses. Watu humtaja kwa sababu alianza kuchora kwa bidii akikaribia miaka 80 na akaishi mpaka 101, akafariki 1961. Mimi namtaja kwa sababu nyingine: kabla ya hapo alikuwa anatarizi picha kwa sindano na uzi. Baridi yabisi ikamfanya sindano imuume, dada yake akamshauri ashike brashi, ni rahisi kwa mkono. Alikuwa tayari anaona picha, akabadilisha chombo tu.

Wewe mzee kwenye mbao ulikuwa unapenda nini hasa? Kushika kisu, au kile kinachotoka?

#25 MzeeKijana58

Marahaba mwanangu. Nimefikiri swali lako tangu jana. Nilikuwa napenda harufu, na kuona nyuzi za mti zinavyokwenda. Kwa kisu nilikuwa nalalamika siku zote.

Mjukuu anasema kuna watu wanasugua na kung'arisha mbao tu, hawachongi. Msasa naweza kuushika kwa kiganja kizima. Nimemwambia aniletee kipande kimoja.

#26 MtuWaNamba

Kimoja tu mzee, sheria ya KiatuKipya.

#27 KalamuButu

Wakuu asanteni. Nimeandika upya, naleta mnikosoe.

Gitaa: limetoka juu ya kabati, liko pembeni ya mlango wa chumba, nimegonga nalo mara mbili tayari. Nikiingia kutoka kazini, kabla ya kukaa, dakika 15. Hakuna F mpaka mwezi wa nne. Nyimbo tatu, vibaya, mbele ya shangazi, mwezi wa sita. Nimekwisha kumwandikia.

Kusoma: Jumanne na Alhamisi usiku, hakuna idadi. Nimeanza na kitabu kinene nilichokuwa nakikwepa tangu Aprili.

Hema: MachoJuu kanipa tarehe. 12 Agosti. Yule mwenzangu wa kuogelea amekubali kushika upande wa pili wa turubai, ila anauliza kama kuna vyura.

Kufuma nimeua rasmi. Cherehani imepata mtu wa kuichukua Jumamosi. Kifaransa nakiacha kiwe kitu ninachokitaka tu.

Picha narudia, bila mnyororo. Ya leo ni ya 48.

NyuziSita, nilikutumia picha ya gitaa uliangalie kama nyuzi zimekaa juu. Umeonaje?

#28 NyuziSita

Kimo kiko sawa kabisa, ungeweza kulipiga miaka yote hiyo. Ila badilisha nyuzi kabla ya kitu chochote, hizo zimeota kutu.